Anayepita Mara ya Pili

Jioni ile dawa ziligawiwa mara mbili, na aliyepita mara ya pili hakuwa na viatu.

Paskalia hakulitia moyoni. Mtu akishapewa kitanda katika Makao ya Wazee Faraja, pale nje kidogo ya Kitangari, anajifunza mapema kutouliza habari za dawa. Zinakuja asubuhi, zinakuja magharibi, ndani ya kifuniko cha chupa ya maji: nyeupe mbili na ya pinki moja. Siku nyingine ile ya pinki inaamka njano. Ukiuliza unaambiwa, "Ni ileile, bibi, kiwanda tofauti tu." Ukiuliza tena unaitwa mkorofi, na pale Faraja ukorofi nao una kidonge chake.

Muuguzi Winfrida alikuwa na mwendo wake. Aliingia na sinia, ndala zikipiga sakafu pwata, pwata, pwata, akasema maneno yaleyale kitanda kwa kitanda, kama padri anayekomunisha: "Shikamoo, bibi. Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Ulimi uliinuliwa kwa sababu wazee ni wezi wa dawa zao wenyewe, na Winfrida alilijua hilo. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mmoja akipewa kazi ya watu wanne hapati nafasi ya kuwa mbaya wala mwema, anapita tu.

Basi alipita, akaenda. Paskalia akasikia ndala zikiishilia upande wa wanaume. Ulikuwa msimu wa korosho, na dirishani iliingia harufu ya mabibo yaliyooza, tamu na kali, harufu ambayo watu walikuwa wameshaizoea hata hawaisikii. Aliisikia pale tu ilipokatika. Mahali pake ikaja harufu ya udongo uliolowa. Mvua ya mwisho ilikuwa imesahaulika. Ardhi nje ilikuwa unga mtupu. Hii ilikuwa harufu ya bondeni, chini kabisa ya mteremko, kule wanawake wa huku juu walikokuwa wakishuka na ndoo zamani, kabla bomba halijapanda.

"Fungua mdomo," sauti ya Winfrida ikasema mlangoni. "Inua ulimi."

Paskalia akafungua. Mdomo wa mzee wa Faraja hufunguka wenyewe, kama mlango uliokufa kitasa. Kitu cha baridi kikapita chini ya ulimi wake, taratibu, kama kidole cha mtoto kinachofuta sufuria, kikatoka. Alipofumba, kinywa kilikuwa kikavu kana kwamba amelamba majivu.

"Mama Mathias," Nuria akamwita Paskalia kutoka kitanda cha pili, "leo tumekomunishwa mara mbili?" Nuria alikuwa Mwislamu wa papo hapo Kitangari, na hakuwahi kuacha utani wa dini umpite.

"Hata shikamoo hajatoa."

"Na ndala kaziacha wapi? Labda zimekatika. Mpe zako, si mnafundishwa kupendana huko kwenu?"

"Zangu hazimtoshi. Mpe zile zako za kutawadhia."

Walicheka, lakini kicheko kilikwama. Hakuna aliyekuwa na mate ya kukilainisha.

Asubuhi simtanki la makao lilikutwa tupu.

Msimamizi wa makao, bwana Anderson, mtu wa mikoa ya mbali aliyeiona Newala nzima kama adhabu itakayokwisha, alisema huo ni wizi wa majirani. Akaleta lori la maji, akafunga bomba kwa kufuli. Kesho yake kufuli lilikuwa mahali pake na tanki lilikuwa tupu tena, na chini ya bomba vumbi halikuwa na alama ya tone. Asubuhi hiyohiyo Mzee Barnaba wa upande wa wanaume hakuamka. Aliyemfunika alisema midomo ilikuwa imepasuka na ngozi imejikunja, kama bamia iliyosahauliwa juani. Anderson akatangaza kwamba ni upungufu wa maji mwilini na kwamba wazee wa huku hawapendi kunywa maji. Alisema hivyo mbele ya tanki tupu, na uso wake haukubadilika.

Kilichomshughulisha Paskalia hakikuwa Barnaba, Mungu amsamehe. Kilikuwa kitanda kilichopakana na cha Barnaba, cha Silvano, mdogo wake yeye Paskalia.

Paskalia na Silvano walitoka Chiungutwa, Wamakua wa ukoo mmoja, tumbo moja. Mathias, mwana wa Paskalia, mfanyabiashara wa Mkomaindo, aliwaleta siku moja, mama na mjomba ndani ya gari moja, akasema ni kwa muda tu. Silvano alikuwa na moyo uliochoka. Moyo ukichoka maji hayatoki mwilini, kwa hiyo alipewa kidonge cha kumkojoza. Daktari aliyekiandika hakuwa amekiona choo cha Faraja, ng'ambo ya uwanja, kupita jiko, kupita kuni, ngazi mbili bila mahali pa kushika. Silvano hakuwahi kufika kwa wakati. Shuka zake zilianikwa kamba ya peke yake, na katika nchi ambayo maji hununuliwa, anayelowesha shuka husemwa hata na wapole. Mwanaume aliyewahi kuwa na shamba lake la mikorosho sasa alikuwa na kamba yake.

Mchana ule Paskalia alimkuta barazani, miguu juu ya kigoda. Akabonyeza muundi wake kwa dole gumba, akaliondoa. Shimo likabaki pale, kama alama kwenye ugali.

"Humezi," akasema.

"Nameza, dada."

"Silvano."

Mdogo wake akatazama kamba ya shuka. Kisha akafungua mdomo na kuonyesha pengo la magego mawili nyuma kabisa, juu. "Winfrida anatazama chini ya ulimi tu," alisema. "Juu hatazami."

"Kwa hiyo unavitupa."

"Sivitupi. Vinakwenda kwa mahoka."

Paskalia akakaa chini. Mahoka ni wazee wao waliotangulia, nao huombwa kwa unga wa mtama. Unamwagwa taratibu chini ya mti uwe kilima chenye ncha. Alfajiri unakwenda kutazama: kilima kikisimama vilevile, wamekubali, kikimomonyoka, wamekataa, tafuta ulichokosea. Na katika ukoo wao anayemwaga unga ni dada. Kaka anaweza kuwa na shida mpaka shingoni, mkono wake haumwagi. Anamwita dada yake.

Naye alikuwa ameitwa. Ilikuwa wakati wa baridi, Silvano alimwomba, akamjibu kwamba yeye ana rozari yake na kwamba mahoka wa Chiungutwa hawajui njia ya Kitangari. Alikuwa amechoka siku ile. Alitaka kulala.

"Umemwaga dawa," alisema.

"Unga ningetoa wapi? Hapa hata chumvi hainipiti mkononi, napikiwa kila kitu. Kilicho changu ni kile kidonge tu. Kina jina langu." Silvano alisema taratibu, pumzi ikikatika njiani. "Nikavisaga kwa kijiko. Vyeupe, dada, huwezi kutofautisha na unga. Nikamwaga chini ya mkorosho ule nyuma ya jiko. Nikaomba nirudishwe kwetu, nikafie kwetu."

"Na kilima?"

"Hakikusimama, hakikumomonyoka. Hakikuwepo. Kimelambwa, na udongo pale umelowa. Nikasema basi wamependa. Nikawapelekea tena."

"Mara ngapi?"

Paskalia alitazama miguu ile iliyojaa kama mitungi, akamkumbuka Barnaba kitanda cha jirani, mkavu. Kitu kilikuja kwenye mkorosho ule kikalishwa dawa ya kuwatoa watu maji, usiku baada ya usiku, mpaka kikajifunza kazi ya dawa. Na Silvano, aliyejaa kuliko wote, bado hakijamgusa. Mtu haanzi na akiba.

"Leo meza," alimwambia. "Meza kweli. Ukikaa na maji hayo utakufa nayo, na kama hufi nayo kuna mwenye kuyataka. Na jioni ukisikia ndala, fungua mdomo. Ukisikia sauti bila ndala, uma meno. Umenisikia? Hata akikuita kwa jina la mama."

Alijua la kuuma meno kwa bahati tu: jana yake jino lilikuwa linamwasha, akalala na pindo la kanga kinywani, na ile sauti ilisimama kitandani pake, ikasema "Fungua mdomo," ikangoja, ikasema tena, ikaenda kwa mwingine.

Kwa Nuria hakuhitaji kueleza mara mbili. Kosa la Nuria lilikuwa kuamini kwamba jambo la kweli likisemwa kwa sauti ya kawaida litasikilizwa.

"Bwana Anderson," alisema asubuhi, msimamizi alipopita kukagua, "kuna mtu anapita baada ya nesi. Anachukua sauti yake. Wewe weka mlinzi hapa mlangoni jioni, utaona mwenyewe."

"Anafananaje, bibi?"

"Hafanani. Ananuka maji."

Anderson akatabasamu, lile tabasamu la semina, akamgeukia Winfrida. "Huyu ameanza kuona vitu. Mwongezee kile cha usingizi. Mpe mapema, saa kumi na moja, asije akawasumbua wenzake."

"Mimi siumwi akili, baba," Nuria akasema.

"Hakuna aliyesema hivyo, bibi yangu."

Winfrida hakuinua macho. Saa kumi na moja alikuja na kifuniko chenye kidonge kimoja zaidi, cha bluu. Nuria alikigeuza kiganjani. Angekataa, angeshikwa pua na kusagiwa kwenye uji. Walishaona kwa wengine. Akakimeza. Akainua ulimi.

"Mama Mathias," alisema baadaye, ulimi umeshakuwa mzito, "niangalizie mdomo."

Jua likaanguka nyuma ya mikorosho. Ndala zikaja, pwata, pwata, shikamoo, meza, inua, ndala zikaenda. Nuria alikuwa amelala chali, taya limeshuka, akikoroma kwa amani ambayo haikuwa yake. Paskalia aliteremsha miguu kitandani, kanga mkononi, akikusudia kumfunga taya kwa kuizungusha kichwani, kama wanavyofungwa maiti, na mawazo hayo yalimchelewesha kidogo tu, kiasi cha mtu kusema Mungu niepushe, na katika kiasi hicho harufu ya mabibo ikakatika.

Akauma meno. Hakuna mlango uliofunguka wala pazia lililotikisika, ila ule udongo uliolowa ulijaa chumbani mpaka ukuta ukatoka jasho, na sauti ya Winfrida, tamu kidogo kuliko ya Winfrida mwenyewe, ikasema "Fungua mdomo" mbele ya uso wake, ikasema tena, ikangoja kama anavyongoja mtu mwenye siku nzima, kisha ikageuka; na Paskalia akajua imegeuka kwa sababu mkoromo wa Nuria ulibadilika, ukawa kama mrija unaofyonza mwisho wa soda, na mkono wa Nuria ukainuka juu ya shuka ukapapasa upande wa kitanda chake, ukimtafuta yeye, naye alitaka kumwita Winfrida, alitaka kupiga yowe liwafikie hata walinzi wa mashamba ya jirani, na yowe lote lilikuwa limeshapanda kooni, lakini yowe halitoki bila mdomo kufunguka, na kile kitu kilikuwa kinasikiliza, alikisikia kikisikiliza huku kikinywa, basi akakaa na meno yake yameumana mpaka moja likavunjika, akautazama mkono wa rafiki yake ukipapasa hewa, ukipungua, ukipungua, mpaka vidole vikawa kama maganda ya karanga, ukashuka.

Harufu ya mabibo ikarudi. Ndipo alipopiga yowe, wakati halikuwa na kazi tena.

Aliyekuja kumchukua Nuria alikuwa mtoto wa dada yake, Jafari, fundi wa dawa za asili pale Kitangari. Hakufanana na fundi. Alikuwa na simu mbili na pikipiki, na alipokuwa akisubiri watu wa kubeba jeneza alinunua korosho za kukaanga, akazitafuna bila raha. Paskalia alimfuata nyuma ya jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako mdogo hakufa kwa uzee."

"Wanawake waliomwosha wanasema ni mkavu kama kuni," Jafari akasema. "Najua hakufa kwa uzee. Nieleze."

Alimweleza yote, hata mkono. Jafari alikwenda kwenye mkorosho, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye shina. Udongo pale ulikuwa mweusi, umelowa, katikati ya uwanja mweupe kwa vumbi. Akanusa kiganja, akakifuta kwenye suruali.

"Hawa si mahoka wenu. Hili ni jini la bondeni," alisema kwa sauti ya chini. "Zamani majini hayo yalikaa kule kwenye visima, yakipewa haki yao na wachota maji. Siku hizi hakuna anayeshuka. Yana kiu. Mzee kamwita mtu asiyemjua, kampa chakula kisicho chakula. Amemfundisha kazi."

"Linatolewaje?"

"Mbwa wa watu ukishamlisha humfukuzi kwa fimbo. Unaacha kumlisha, na mwenye nyumba anatoka kumwambia hapa si kwenu." Akamtazama. "Mwenye nyumba kwenu nani, mzee au wewe?"

"Mimi," alisema.

"Basi unga wa mtama, nitauleta mimi. Alfajiri. Mkono wako. Waite wazee wenu wote unaowajua, mmoja mmoja, wajaze mahali pake. Na mtakaofika hapa mje miguu mitupu, viatu viachwe jikoni, mbali kabisa na mti. Mzee aje, aombe radhi kwa kinywa chake. Na dawa yake ameze. Lile jini linakipenda kidonge kile kuliko damu."

"Na likikataa?"

"Nina wagonjwa wengine, mama, siwezi kukudanganya. Likikataa, sijui."

Sauti ikasema nyuma yao, "Mlango wa nyuma ninao mimi ufunguo."

Paskalia aliuma meno kabla hajageuka. Alikuwa Winfrida, ndala miguuni, macho yamevimba. "Juzi nilikuwa nagawa upande wa wanaume," alisema, "nikajisikia nasema huku upande wa wanawake. Bibi, nilimpa mimi kile cha bluu. Niacheni nije."

Anderson alikuwa ameshakwenda Newala mjini kwenye kikao, kuhusu usalama wa wazee.

Alfajiri, jogoo wa kwanza ameshawika na mwanga unaanza kupauka, walimtoa Silvano nje amekaa kwenye kiti cha plastiki, wamekibeba Jafari huku na Winfrida kule. Viatu viliachwa jikoni kama walivyoambiwa. Winfrida aliyekuwa amebeba ubavu mzito ndiye aliyesahau, akakumbuka akiwa ameshafika kivulini mwa mkorosho. Akazivua ndala zake pale pale, akazisukuma pembeni kwa mguu. Paskalia aliona. Lakini mawazo yake yote yalikuwa kwenye bakuli la unga.

Alipiga magoti. Mkono wake ukakumbuka mikono ya mama yake. Unga ukashuka kwa uzi mwembamba, na kila uzi jina: bibi mzaa mama, mama yake, mjomba aliyewalea, wadogo waliokufa bila meno. Kilima kikapanda. Mahali pa jina la mwisho akamweka Nuria, ambaye hakuwa wa ukoo wala wa dini, akaona hakuna aliyepinga.

"Aliyekuita alikosea," alisema kwa mti, kwa udongo. "Chakula kimekwisha. Hapa pana wenyewe. Shuka kwako."

"Nimekosa," Silvano akasema, na machozi yakamtoka, mengi, maji ya bure. Winfrida akatoa kidonge kwenye kifuniko. Silvano akakimeza, akafungua mdomo wazi mbele ya wote, akainua ulimi, kisha akageuza kichwa kwa mwanga waone na lile pengo la juu.

Ukavuma upepo mmoja mfupi kutoka upande wa mteremko, ukapita chini, ukaenda. Mabibo yakanukia. Udongo chini ya mkorosho ulikuwa unapauka mbele ya macho yao, kama shuka inayokauka. Kilima cha unga kilisimama na ncha yake.

Paskalia alilia kama msichana.

"Ndala zangu," Winfrida alisema walipokuwa wanaondoka. Akatazama huku na huku. "Nimezivua hapa."

"Mbwa hao," Jafari akasema. Lakini aliitazama ardhi kwa muda mrefu kuliko mtu anayetafuta nyayo za mbwa.

Yalifuata majuma ambayo Paskalia angeweza kuyaita mazuri, kama kitanda cha pili kisingekuwa kitupu. Tanki lililala limejaa, likaamka limejaa. Anderson alilishukuru kufuli. Winfrida aliweka kopo chini ya kitanda cha Silvano, jambo dogo ambalo lingeweza kufanywa tangu mwanzo, na Silvano hakuanika shuka tena. Alimeza kila alichopewa. Miguu ilinywea, mifupa ya vifundo ikarudi kuonekana, akaanza kutembea mpaka getini na kuzungumza habari za Chiungutwa. Mathias alipiga simu akasema pengine Krismasi atakuja na gari, awachukue wote wawili.

"Ukisikia ndala, unafungua," Paskalia alikuwa akimkumbusha kila jioni.

"Ndala na shikamoo, nafungua. Nimekuwa mtoto mzuri, dada. Hata wewe unanisifu."

Kilima cha unga kilikuwa bado kimesimama chini ya mkorosho. Siku moja Paskalia alikitazama kwa karibu akaona hata sisimizi hawajakigusa. Aliona ni heshima.

Jioni iliyofuata alikuwa amekaa kitandani, rozari mapajani. Pwata, pwata, pwata. Alitabasamu, Winfrida alikuwa amenunua ndala mpya pale sokoni, za aina ileile, mlio uleule.

"Shikamoo, bibi," sauti ikasema mlangoni.

Hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayeacha kuitikia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," Paskalia akasema, na kwa kuitikia mdomo ukawa umeshafunguka.

"Inua ulimi."

Akainua. Kilipita taratibu, baridi. Ndala zikaondoka, pwata, pwata, kuelekea upande wa wanaume. Ndipo alipotambua kwamba hakuna kidonge alichomeza, na kwamba sinia halikulia. Alijaribu kumeza mate, hayakuwepo. Dirishani mabibo hayakunukia.

Akasimama, mkono ukutani, aende kwa Silvano kabla ya ndala zile. Alikuwa ametoa hatua moja alipozisikia zingine. Pwata, pwata, zikitoka upande wa jikoni, na sinia likigonga vifuniko vyake. Zikasimama mlangoni pake. Mwanga ulikuwa nyuma ya aliyesimama, uso haukuonekana.

"Shikamoo, bibi."

Paskalia aliuma meno. Mmoja alikuwa hapa, mwingine alikuwa kwa mdogo wake, na wote wawili walikuwa wamevaa ndala. Yowe lilipanda mpaka nyuma ya meno, likakaa.

"Bibi? Shikamoo."

Na kutoka ng'ambo, upande wa wanaume, akamsikia Silvano, kwa sauti ya furaha ya mtu aliyekwisha kupona, akiitikia:

"Marahaba, mwanangu. Nimefungua."